Jina la baba mgongoni: kijana wa Østerbro mwenye damu ya Tanga

Haya, shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana mambo vipi. Leo mtanisamehe nikitetemeka, upepo wa Copenhagen huu unapenya mpaka kwenye mifupa na glovu nimezisahau nyumbani. Nipo Østerbro. Huku nyuma yangu ni kwa BK Skjold, timu ya mtaa tu, na ukitembea kidogo unafika Parken, uwanja wanapochezea timu ya taifa ya Denmark. Hapa Skjold ndipo alipoanzia mpira Yussuf Yurary Poulsen, mshambuliaji wa Denmark.

Kila Taifa Stars ikikosa mabao, mnanijia mimi: "Huyo mtoto wa Tanga mbona hakuja kutuchezea?" Kama vile mimi ndiye niliyemficha! Leo nawajibu, yaishe.

Yussuf kazaliwa hapa hapa Copenhagen, 15 Juni 1994. Mama Mdenmark, baba Shihe Yurary, mtu wa Tanga, aliyekuwa akifanya kazi melini. Baba akafariki kwa saratani, mtoto ana miaka sita. Sita, jamani. Wangu ana umri huo huo, kamba za viatu mpaka leo namfungia mimi.

Sasa twendeni Urusi, Kombe la Dunia 2018. Klabuni mgongo wake husomeka Poulsen, jina la upande wa mama. Kule akaingia uwanjani na YURARY. Mechi ya kwanza Saransk, na Peru, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 24. Kabla ya mapumziko akamwangusha Cueva wa Peru ndani ya boksi: penalti. Cueva akapaisha, tukapumua. Dakika ya 59 Eriksen, kiungo wa Denmark, akampenyezea pasi, Yurary huyo, bao! Mpira ukaisha 1-0. Nililia, sifichi. Jirani yangu aligonga mlango akidhani kuna msiba.

Mechi ya pili, na Australia, si akaushika mpira kwenye boksi? Penalti nyingine, na hii ikaingia, ikawa 1-1. Akala na kadi ya njano, ya pili kwake, mechi ya Ufaransa akaitazama akiwa nje. Wiki moja hiyo, kashangiliwa na kalaumiwa.

Lakini msimpime kwa mabao peke yake. Huyu ni mshambuliaji wa kukimbia, kugombea mipira ya juu na kuwachosha mabeki ili wenzake wafunge. Mwaka 2013 alitoka Lyngby, kitimu cha kaskazini ya jiji hili, akaenda RB Leipzig iliyokuwa daraja la tatu Ujerumani. Hebu fikiria, kijana wa miaka 19 anakwenda daraja la tatu, tena kwenye timu iliyoanzishwa 2009 kwa pesa za kampuni ya vinywaji, inayochukiwa karibu kila uwanja inakokwenda. Akapanda nayo la pili, 2016 wakaingia Bundesliga, 2020 wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 15 ya ligi, matatu kati yake kwa mechi moja dhidi ya Hertha. Kombe la Ujerumani wakalichukua 2022 na 2023. Miaka 12 klabu moja, mechi zaidi ya 400! Siku hizi wachezaji hata nyumba za kupanga hawazikai muda huo.

Na Juni 2021 hapo Parken, kwenye mashindano ya Euro. Tarehe 12 Eriksen, yule yule wa pasi ya Saransk, akaanguka uwanjani, moyo umesimama, Yussuf yupo mechi hiyo hiyo. Siku tano baadaye wakarudishwa kwenye nyasi zile zile kucheza na Ubelgiji. Dakika mbili hazijatimia, Yussuf akafunga. Dakika ya kumi mpira ukasimamishwa, uwanja mzima na Wabelgiji wenyewe wakampigia makofi mgonjwa. Walifungwa 2-1, lakini mimi huku sikukutana na mtu aliyezungumzia matokeo.

Sasa jibu lenu. Kalelewa na mama yake hapa, kafundishwa mpira hapa, kapita timu za vijana za hapa, na ya wakubwa wakamwita 2014. Sisi je? Sheria yetu ya uraia haimruhusu mtu mzima kushika pasi mbili. Kwa hiyo mlitaka aitupe pasi ya nchi ya mama aliyemlea? Na nani alikwenda kumwomba, kwa nauli ya nani? Mimi simdai kitu. Jina letu kalipeleka Kombe la Dunia, sisi wenyewe hatujawahi kufika.

Mwaka 2025 kahamia Hamburg, timu iliyorudi Bundesliga baada ya miaka saba nje, wakampa unahodha. Mtoto wa mtu wa melini kahamia mji wa bandari, mimi hilo limenifurahisha tu bila sababu.

Betri inaniishia. Nyie wa Tanga, wa Ngamiani huko, nina ombi. Habari za Yussuf huku zimejaa, ila za mzee Shihe utapata mistari miwili mitatu tu. Kama kuna mzee aliyecheza naye chandimu kabla hajapanda meli, mpigie magoti anihadithie.