Chakula cha kamba na hali ya bwawa

Wazee wangu, shikamooni. Najua hapa Moshi mnafuga perege na kambale, si kamba. Ila mfugaji wa kamba kule pwani hukumbana mapema na janga la bwawa kuchafuka, ambalo nanyi mtalipata mkizidisha chakula, ndiyo maana nimekuja na habari zake.

Tupige hesabu. Chukua kilo 100 za chakula chenye protini asilimia 35. Protini ina nitrojeni kama asilimia 16, kwa hiyo umemwaga bwawani kilo 5.6 za nitrojeni. Mambo yakienda vizuri utavuna kamba kilo 65 hivi, na ndani ya miili yao nitrojeni haifiki kilo 2. Iliyobaki umeinunua kwa bei ileile, nayo iko majini kama amonia, ambayo ni sumu, na chini kwenye tope.

Tena kamba hali haraka. Huishika punje kwa miguu akaitafuna kidogo kidogo, huku inalowa na kumeguka. Na maisha yake yote yako chini. Ng'ombe akichafua zizi, unazoa samadi. Kamba hulala juu ya yake. Tope likikosa oksijeni huwa jeusi na kunuka yai viza. Hiyo ni salfidi ya haidrojeni, sumu kabisa. Juu maji ni ya kijani, wageni wanakusifu! Lakini mwani ule ule unaotoa oksijeni mchana huivuta usiku, na alfajiri utawakuta kamba wamejaa ukingoni wanahangaika.

Dawa ya kwanza ni sinia. Weka chakula kidogo kwenye sinia, lizamishe, rudi baada ya saa moja au mbili. Kikibaki, punguza. Jedwali lililochapwa kwenye mfuko halijui kwamba kamba wako wanajivua gamba wiki hii na hawana hamu ya kula. Wengine hukimbilia chokaa. Chokaa hupunguza uchachu wa udongo, sawa, lakini tope haizoi. Baada ya mavuno, kausha bwawa mpaka sakafu ipasuke, hewa iingie.

Kuna aliyeniuliza pale nje: si tufungulie tu maji machafu yaende? Yaende wapi, kaka? Mto wako unateremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, na huko kuna wavuvi. Mwenzako wa pwani ana shida zaidi, kwa sababu tope lake lina chumvi, akilimwaga shambani ameua udongo. La kwenu ni la maji baridi. Lipelekeni migombani.