Boa wa Nyumbani Atakua Mpaka Wapi?

Shikamooni wazee wangu. Vijana mliojazana pale mlangoni, ingieni, viti vipo.

Nimeitwa na wazazi ambao watoto wao, waliokulia hapa Marekani, wanataka kufuga nyoka. Hawataki mbwa wala paka, wanataka boa. Mtoto kamwona dukani, mwembamba kama kidole, mtulivu, na bei yake haitishi. Mzazi anauliza swali moja tu: huyu atakua mpaka wapi?

Jibu nalitoa sasa hivi ili mwenye zamu ya usiku asichelewe kazini. Boa wa kawaida wa madukani, akiwa jike, tarajia mita 2 hadi 2.5. Akiwa dume, mita 1.5 hadi 2. Wanaozidi mita 3 wapo, lakini ni nadra. Mliobaki sasa tulieni, maana hizo namba zina mambo yake.

Kwanza tumtenge na chatu. Najua wengi wenu mmekuja na picha ya chatu wa kule nyumbani, yule anayemeza mbuzi na kupita mita 4. Huyo ni ukoo mwingine; hutaga mayai, na jike huyazungukia mpaka yaanguliwe. Boa ninayemsema leo ni wa Amerika, kuanzia Meksiko hadi Argentina, na huzaa watoto hai. Sisi tuna boa mdogo wa mchangani, anayeishi sehemu kavu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Jike wake mkubwa kabisa hafiki hata mita 1. Na Madagaska wana maboa wao wakubwa. Lakini hao siwazungumzii leo.

Boa huzaliwa akiwa na sentimita 40 hadi 55 hivi. Uzao mmoja mara nyingi ni watoto 20 na kitu, ingawa wapo majike waliozaa zaidi ya 60. Kuanzia siku hiyo kila mtoto anajitegemea. Mwaka wa kwanza huongezeka haraka: akila vizuri anaweza kukaribia mita 1 au kuipita. Mbio hizo huendelea mpaka mwaka wa 3 au wa 4, anapoanza kuwa mtu mzima, kisha hupungua. Hazikomi kabisa, ila baada ya hapo kinachoongezeka zaidi ni unene. Ndiyo maana mimi, mtu akinitajia urefu peke yake, humuuliza kilo. Jike wa mita 2.5 anaweza kupita kilo 10, na hizo kilo zote ni misuli inayojikunja mkononi mwako.

Sasa, kwa nini mmoja akomee mita 1.5 na mwenzake afike 3? Jambo la kwanza ni asili ya wazazi wake. Boa wanaouzwa zaidi hapa wanatokana na ukoo wa Amerika ya Kati na Kolombia, na hizo namba nilizozitaja ni zao. Wale wenye mkia mwekundu hasa, wa Suriname, Guyana na bonde la Amazoni, ni wakubwa zaidi. Ndio ambao jike wake anaweza kugusa mita 3. Halafu kuna wa visiwani. Katika visiwa vya Cayos Cochinos, pwani ya Honduras, kuna boa wadogo ambao wafugaji huwaita wa Hog Island. Wengi hawazidi mita 1.8, na madume huwa mafupi zaidi. Wawindaji wa biashara waliwakamata kwa wingi mno miaka ya nyuma, mpaka wakapungua sana kwao.

Mtu atasema labda wa visiwani ni wadogo kwa sababu ya njaa. Watafiti walijiuliza hivyo hivyo kuhusu boa wa visiwa vya Belize. Wakachukua watoto wa kisiwani na wa bara, wakawalea mahali pamoja, chakula kile kile. Wa kisiwani bado walikua polepole. Chakula kina sehemu yake, lakini udogo umo kwenye damu. Kwa hiyo, ukienda kununua usimtazame mtoto. Omba kumwona mama yake. Muuzaji asiyejua wazazi wa nyoka wake wametoka wapi, mimi simnunulii.

La pili ni jinsia. Kwa boa, jike ndiye mkubwa, na tofauti si ndogo. Pembeni mwa tundu la kutolea haja kuna vikucha viwili, masalia ya miguu ya nyuma. Vya dume kwa kawaida ni virefu zaidi. Kwa mtoto mchanga macho hudanganya, hivyo mpe daktari wa wanyama apime. Anayeishi kwenye nyumba ndogo atafute dume. Jambo rahisi hilo, ila wengi hulisikia baada ya kununua.

La tatu ni chakula, na hapa nina ugomvi na watu wawili. Wa kwanza ni yule anayesema nyoka hukua kulingana na ukubwa wa kizimba chake, kwamba ukimweka kwenye sanduku dogo atabaki mdogo. Uongo. Atakua, atajikunja, atakosa mazoezi, na ataugua ngozi na mapafu kwa unyevu mchafu. Ukimnyima chakula ili adumae, hapo unamtesa tu. Wa pili ni yule anayetaka kujionyesha, anayemlisha kila siku 4 au 5 ili ndani ya miaka 2 awe mkubwa. Boa huyo utamtambua: mwili umejaa, kichwa kimebaki kidogo, mafuta yanafanya mikunjo akijipinda. Ini lake linajaa mafuta, na wengi wa namna hiyo hawazeeki. Mtoto mpe panya mdogo kila siku 7 hadi 10. Mtu mzima panya buku, au sungura kwa aliye mkubwa, kila baada ya wiki 3 au 4, tena waliogandishwa na kuyeyushwa. Upande wa joto wa kizimba uwe kama nyuzi 31, wa baridi 26. Akikosa joto hasagi chakula, anakitapika.

Urefu nao hupimwa ovyo. Nyoka akijivua gamba, na hapa sisemi siasa, lile gamba hunyumbuka, linakuwa refu kuliko mwenyewe. Msilipime gamba mkatangaza rekodi. Kwa miaka mingi vitabu vilitaja boa wa Trinidad mwenye futi 18 na nusu, karibu mita 5.6. Baadaye ilionekana kwamba yule hakuwa boa huyu, bali nyoka mwingine aitwaye anakonda, jamaa yake mkubwa zaidi wa Amerika Kusini. Na kule New York iliwahi kutangazwa zawadi kwa atakayeleta nyoka hai wa futi 30, wa aina yoyote. Ikapandishwa mpaka dola 50,000. Hakuna aliyeichukua.

Urefu ambao wazazi hawauulizi ni ule wa miaka. Boa anayetunzwa vizuri huishi miaka 20 hadi 30. Bustani ya wanyama ya Philadelphia ilikuwa naye mmoja, Popeye, aliyekufa mwaka 1977 akiwa na miaka 40 na miezi. Mwanao wa miaka 12 ataondoka kwenda chuo, na nyoka utabaki naye wewe mama. Msicheke, nimeshaona.

Wengine wakichoka huwaachia porini. Aruba, boa walionekana mara ya kwanza mwaka 1999, na sasa wameenea wanakula ndege na mijusi wa kisiwa. Cozumel huko Meksiko hadithi ni hiyo hiyo tangu 1971, na Miami pia wapo.

Naona mkono pale. Unauliza kama anaweza kukuua. Boa humbana mnyama mpaka damu isizunguke. Utafiti wa mwaka 2015 ulipima moyo na mishipa ya panya akiwa amebanwa, ukaonyesha mzunguko wa damu unakatika ndani ya sekunde chache. Kwa mtu mzima boa wa mita 2 hana nguvu hiyo kwa kawaida, lakini akizidi hapo msimtoe mkiwa mtu mmoja, wala mtoto asimlishe peke yake.

Na wewe dada, kuhusu sheria: serikali kuu ilizuia uingizaji wa aina kadhaa za chatu na anakonda mwaka 2012 na 2015. Boa alikuwa kwenye orodha ya waliopendekezwa, akaachwa. Ila jimbo lako au mji wako unaweza kuwa na sheria yake, na mwenye nyumba naye ana mkataba wake. Usome mkataba kwanza, ndipo uende dukani.