Dhima ya Mwenye Kutoa Kompyuta Pepe Iliyo Tayari

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Masheikh zetu, walimu, wakutubi na vijana mliofika hapa Ngomeni Lamu jioni hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi.

Mtu akitaka kuendesha maktaba kwa Koha, programu huria iliyoanza kutumika New Zealand Januari 2000, humpasa kuweka mfumo endeshi wa Linux, hifadhidata ya MariaDB, seva ya Apache, moduli nyingi za Perl na injini ya utafutaji, kisha avipatanishe vyote. Mkutubi wa shule ya Faza hana siku za kutumia kwa shughuli hiyo. Kwa hiyo anayeijua kazi na aifanye mara moja, aihifadhi diski nzima iwe taswira ya kompyuta pepe, yaani faili yenye nakala ya kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine, kisha aitoe. Mkutubi ataifungua ndani ya VirtualBox, programu ya kuendeshea kompyuta pepe, na mfumo utaamka ukiwa umekwisha kupangwa.

Juu ya umbo la faili sitakawia: OVA huwafaa wengi, na wanaotumia QEMU, programu nyingine ya aina hiyo, wawekewe qcow2. Ukubwa ndio unaotugusa zaidi sisi tunaonunua bando na kuvusha flashi kwa mashua. Data iliyofutwa hubaki diskini na haibaniki vizuri, basi nafasi tupu ijazwe sufuri kabla ya kubana, na faili itapungua sana.

Jambo lililonileta hapa ni amana. Taswira ya kwanza niliyoitoa niliipeleka mwenyewe katika shule tatu, na baada ya miezi kadhaa nikagundua kwamba seva zote tatu zilikuwa na ufunguo mmoja wa SSH (njia ya kuingia katika seva kwa mbali, ambayo huitambua seva kwa ufunguo wake), ule uliozaliwa nilipokuwa nikisakinisha nyumbani. Aliyeshika nakala moja angeweza kujifanya seva ya shule nyingine, na mtumiaji asipate onyo lolote. Niliumia, kwa kuwa walinipokea kwa imani. Tangu hapo, kabla ya kufunga taswira, nafuta funguo hizo, kitambulisho cha mashine, kumbukumbu za amri na nywila zangu zote, kisha naweka skripti inayozaa funguo mpya mashine inapowashwa mara ya kwanza na kumtaka mwenyeji achague nywila yake kabla mtandao haujafunguliwa.

Mafundi wa Matondoni wakikabidhi jahazi, mnunuzi huzikagua mbao na kalafati kwa macho na mikono yake. Taswira imefungwa, na anayeipakua haoni kilichomo. Ndiyo sababu nashikilia kwamba taswira isitolewe bila skripti zilizoijenga, ili mwingine aweze kuijenga upya tangu mwanzo na kuona kila hatua. Heshi ya SHA-256 (alama fupi inayokokotolewa kutokana na faili) iliyowekwa kando ya faili huonyesha tu kwamba upakuaji haukuharibika, maana aliyeweza kubadili faili ataibadili na heshi pia. Anayetaka kujua taswira imetoka kwa nani anahitaji saini ya kidijitali, na ufunguo wa kuihakiki aupate kwa njia nyingine.

Leseni nayo ina haki yake. Kiini cha Linux kiko chini ya toleo la 2 la leseni huria ya GPL, la mwaka 1991, linalomtaka anayegawa programu iliyo tayari kuendeshwa aambatanishe msimbo chanzo wake, au ahadi ya maandishi ya kuutoa, ambayo itadumu miaka 3 au zaidi. Kutoa taswira ni kugawa, hata kama hukuandika mstari mmoja wa programu hiyo.

Mwisho ni tarehe. Debian 12, mfumo mmojawapo wa Linux, ilitoka Juni 2023, na masasisho yake ya usalama ya muda mrefu yamepangwa kukoma Juni 2028. Kila taswira niliyoijenga juu yake ina mwezi huo katika jina la faili, na ukifika nitaiondoa.