Soma Fyuzi Kwanza, Wati Baadaye

(Mazungumzo na mafundi wa sauti za magari na wenye matatu, Makadara, Nairobi)

Hamjambo mafundi. Hamjambo wenye magari. Asanteni kwa kuja Jumamosi asubuhi, maana najua hii ndiyo siku ya wateja.

Hapa mezani nina amplifaya. Kijana uliyekaa mbele, njoo uwasomee wenzako maandishi ya juu. "Wati elfu mbili." Vizuri. Sasa igeuze, tazama ubavuni pale waya za umeme zinapoingia. Unaona kidude cha plastiki ya kijani kimechomekwa? Kina namba gani? "Thelathini." Kidude hicho ni fyuzi, na hiyo thelathini, yaani ampea 30, ndiyo namba ya kuamini.

Amplifaya haizalishi umeme. Inachukua wa betri na altaneta, inaubadilisha, inaupeleka kwa wufa, yaani spika ya besi. Haiwezi kutoa kisichoingia. Fyuzi ya ampea 30 ikipewa volti 14.4, yaani injini inanguruma na altaneta inachaji vizuri, kinachoingia ni wati 432. Na hata hizo hazifiki zote kwa spika, kwa sababu nyingine zinageuka joto. Amplifaya za aina ya AB hupoteza karibu nusu zikisukumwa. Za aina ya D, ambazo ndizo nyingi kwenye besi siku hizi, hufikisha kama asilimia 80. Kwa hiyo hii hapa, tukiihurumia sana, inatoa wati 345. Muziki hupanda na kushuka, na fyuzi huvumilia mshtuko wa sekunde moja, kwa hiyo hesabu hii ni ya kukadiria. Lakini kutoka 345 hadi 2,000 si makadirio tena.

Niliinunua mtaa wa Luthuli hapa Nairobi nilipokuwa naanza kazi. Mteja alikuwa na wufa nzuri ya wati 600, nikamwambia amplifaya ya 2,000 itamtosha na kubaki. Alipoona besi haimtikisi kama alivyotarajia, akawa anaongeza geini, kile kitufe kidogo cha amplifaya, kidogo kidogo kila jioni. Wiki ya tatu akaniletea wufa mikononi. Nilipoisukuma koni kwa vidole ilikwaruza kama mchanga. Nikaikata: koili, ule waya uliozungushwa ndani, imekuwa nyeusi kama mkaa, gundi imevimba, na ile harufu ya vanishi iliyoungua haikutoka kibandani siku mbili. Nilimlipa wufa nyingine. Tangu siku hiyo siwezi kunyamaza fundi mwenzangu akisoma wati za juu ya boksi.

Sasa 2,000 ilitoka wapi? Umeme unaokwenda kwa spika ni wimbi, unapanda na kushuka. Chukua wimbi ambalo kilele chake ni volti 40 kwenye wufa ya omu 4, omu zikiwa kipimo cha ukinzani wa umeme. Pale kileleni kabisa, kwa kitambo kisichoshikika, nguvu ni wati 400. Lakini kazi inayofanyika muda wote ni wati 200, na hiyo ndiyo tunayoiita RMS. Anayetaka kuuza ataandika 400. Kisha atajumlisha chaneli zote. Kisha atapima kwa omu ndogo kuliko amplifaya inavyoweza kuvumilia, na mlio ukiwa umeshaharibika. Akimaliza, mia tatu imekuwa elfu mbili.

Watu walilalamika zamani. Mwaka 1974 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliweka sheria ya namna ya kutangaza wati, lakini ilihusu amplifaya za nyumbani. Za magari ziliachwa. Mwaka 2003 ndipo watengenezaji wenyewe wakapata kiwango cha hiari kinachoitwa CEA-2006, ambacho leo ni CTA-2006: pima kwa volti 14.4, kwa omu 4, na upotoshaji usizidi asilimia 1. Ukikuta alama hiyo kwenye boksi, wati zilizotajwa zina maana. Usipoikuta, tafuta neno RMS, uangalie limepimwa kwa omu ngapi, kisha rudi kwenye fyuzi. Zile amplifaya kubwa zisizo na fyuzi mwilini, kitabu chake hutaja fyuzi ya kuweka kwenye waya wa betri. Hesabu ni ileile.

Turudi kwa ile koili, maana wengi huamini kwamba wufa huungua kwa kupewa amplifaya kubwa. Ile ya mteja wangu iliungua kwa amplifaya ndogo. Amplifaya ikifika mwisho wa nguvu zake na bado unaongeza geini, wimbi linakatwa kichwa. Linakuwa bapa juu na bapa chini. Wimbi lililokatwa kabisa hivyo hubeba nguvu mara mbili ya wimbi safi la kilele kilekile. Amplifaya ya wati 345 inaweza, kwa mishtuko mifupi ambayo fyuzi huvumilia, kumwaga karibu 700 kwenye koili, zaidi ya zile 600 zilizoandikwa kwenye wufa, na koili haipumziki.

Geini si kitufe cha sauti. Kazi yake ni kulinganisha redio na amplifaya, basi. Iweke kwa mita. Chomoa wufa, zima besi busti, kile kitufe cha kuongeza besi, cheza mlio wa hezi 50, redio uiweke kama robo tatu ya sauti yake. Zidisha wati kwa omu, tafuta kipeuo cha pili. Wati 300 kwa omu 2 ni 600, kipeuo chake ni volti 24.5. Pandisha geini taratibu hadi mita isome hivyo kwenye matundu ya spika, kisha usiiguse tena.

Omu nitazipitia haraka. Wufa ya koili mbili za omu 4, ukiziunga sambamba unapata 2, ukiziunga mfululizo unapata 8. Amplifaya iliyoandikiwa mwisho omu 2 usiipe 1, hata kama jana taa nyekundu haikuwaka.

Wenye matatu, sasa ni zamu yenu. Basi zetu nyingi za abiria 33 ni za volti 24, betri mbili zimeungwa mfululizo. Amplifaya nyingi ni za 12. Nimefungua nganya za kupendeza, taa na michoro kama sanamu, nikakuta waya wa amplifaya umechukuliwa kwenye betri moja tu. Betri hiyo inakamuliwa mchana kutwa, na mwenzake inachajiwa kupita kiasi hadi inachemka. Mwenye gari anabadilisha betri kila baada ya miezi michache na kumlaumu aliyemuuzia. Dawa ni konvata ya kushusha 24 hadi 12, na yenyewe ina kikomo. Konvata ya ampea 30, ikitoa volti 13.8, hutoa kama wati 414. Ukifunga nyuma yake amplifaya ya RMS 1,500, umelipia wati ambazo hazitafika kamwe.

Mama hapo nyuma ameinua mkono. Anauliza: je, akiongeza kutoka 500 hadi 1,000, abiria watasikia besi mara mbili? Hapana, mama. Kuzidisha wati mara mbili ni desibeli 3, mtu husikia imeongezeka kidogo tu. Ili sikio liseme mara mbili, unahitaji kama mara kumi ya wati. Pesa hiyo kampe seremala akutengenezee boksi la kipimo sahihi, lisilovuja hewa, au nunua wufa yenye usikivu wa desibeli 3 zaidi. Utapata kilekile bila kuitesa altaneta.

Na waya tafadhali. Ule mnene wa bei rahisi, ukwangue kwa kisu: ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, nao hupitisha umeme kidogo kuliko shaba yenyewe. Fyuzi kuu ikae karibu na betri, kabla waya haujapita bodi, maana waya ukichunika njiani hiyo ndiyo inayozuia moto.

Mita ipo hapa, bisibisi zipo. Aliyekuja na amplifaya yake ailete mezani tuanze na fyuzi.