Siku Moja Taketomi, Kisiwa Kinachofagiwa Kila Asubuhi

[Muziki wa kufungulia]

SALUM: Asalaam aleikum, na hamjambo nyote mnaotusikiliza. Mimi ni Salum, na leo kiti cha pili kimepata mwenyewe. Dada Mwanaidi, karibu nyumbani.

MWANAIDI: Waaleikum salaam, kaka yangu. Nimekaribia, alhamdulillahi. Wakubwa wote shikamooni.

SALUM: Wiki tatu ulikuwa Okinawa, Japani, kwa mafunzo. Juzi nimekupigia nikuulize tutazungumza nini, nikidhani utaniambia habari za treni na miji mikubwa. Ukanijibu, "Nataka nieleze siku moja tu, siku niliyokaa kimya."

MWANAIDI: Hiyo hiyo. Mafunzo yaliisha Ijumaa, ndege ya kurudi ilikuwa Jumanne. Wenzangu walikwenda Tokyo. Mimi nilikuwa nimechoka na kelele, nikataka bahari. Nikaruka kutoka Naha hadi Ishigaki, kama saa moja hivi, halafu nikapanda boti. Dakika kumi, kumi na tano, ukashuka Taketomi.

SALUM: Tuonyeshe kwenye ramani.

MWANAIDI: Kusini kabisa mwa Japani, visiwa vya Yaeyama. Ukiwa pale, Taiwan iko karibu kuliko Naha, makao makuu ya mkoa wao wenyewe. Kisiwa kizima hakifiki kilomita za mraba 6. Ukikizunguka kwa pwani ni kama kilomita 9, na wakazi wake ni zaidi kidogo ya 300. Nilifika Jumamosi jioni, nikalala kwenye nyumba ya wageni ya familia, zile wanazoita minshuku. Siku ninayotaka kuisimulia ni Jumapili.

SALUM: Haya, kumekucha Jumapili.

MWANAIDI: Niliamshwa na sauti. Kwaa, kwaa, kwaa. Nikiwa bado nimefumba macho nikajua ni nini. Ilikuwa sauti ya ufagio kwenye mchanga. Kaka, kwa muda nilidhani niko kwa bibi yangu Tanga, anafagia uwanja kwa ule ufagio wa chelewa kabla watu hawajaamka.

SALUM: Subhanallah. Kumbe ni nani?

MWANAIDI: Mwenye nyumba. Ni mama mtu mzima, amejipinda mgongo kidogo, kofia pana kichwani, anafagia njia mbele ya lango lake. Kule bibi wanamwita "obaa," nami nikamwita hivyo hivyo. Sasa elewa, njia za kijiji kile hazina lami. Zimetandazwa mchanga mweupe wa matumbawe, mweupe kama unga wa muhogo. Na kila asubuhi watu hutoka, kila mmoja akafagia mbele ya kwake. Majani yanaondolewa, nyayo za jana zinafutwa, inabaki mistari ya ufagio tu, imelala sambamba toka ukuta huu mpaka ule.

SALUM: Kila siku?

MWANAIDI: Kila siku. Wenyeji wana maelezo yao. Wanasema mchanga mweupe na safi unaakisi mwanga wa mwezi, kwa hiyo usiku ukipita unamwona nyoka. Wana nyoka mwenye sumu anaitwa habu. Lakini mimi nilivyomtazama obaa anavyofagia, taratibu, anarudi nyuma hatua moja moja ili asikanyage alipopitisha ufagio, niliona pana zaidi ya nyoka. Ile ni heshima kwa njia na kwa atakayepita.

SALUM: Bibi zetu nao hurudi nyuma hivyo hivyo.

MWANAIDI: Hivyo hivyo!

SALUM: Baada ya hapo ukatoka kutembea?

MWANAIDI: Nilikuwa na mpango. Nikodi baiskeli, nizunguke kisiwa, nipige picha, nirudi Ishigaki mchana. Obaa aliponiandalia chai akanionyesha ubarazani. Nyumba zao zina ubaraza wa mbao unaotazama uani, mlango unasukumwa pembeni, na nyumba inabaki wazi. Nikakaa. Kaka, nilikaa pale karibu saa tatu nzima.

SALUM: Saa tatu unatazama nini?

MWANAIDI: Ukuta. Usishangae. Mbele yangu palikuwa na ukuta wa mawe ya matumbawe, kimo cha kifuani. Mawe yamepangwa tu, hayakuungwa kwa chokaa wala saruji, na katikati yana matundu. Upepo unapita, kwa hiyo kimbunga kikija ukuta haupokei pigo lote. Kwenye matundu hayo kuna mijusi, kuna maua ya haibiskasi yanachungulia. Jua likipanda, kivuli cha kila jiwe kinasogea. Nilianza kuyafahamu mawe yale moja moja. Moja lilikuwa bado lina alama za ule mdudu wa matumbawe, vinyota vidogo vidogo, sawasawa na ukuta wa msikiti wa kwetu pale palipobanduka chokaa.

SALUM: Mimi mtu wa Pangani, hapo umenigusa. Nyumba zetu za zamani ni jiwe hilo hilo.

MWANAIDI: Ndiyo maana sikujihisi mgeni. Na mbele ya mlango, ukishaingia langoni, kuna ukuta mwingine mfupi umesimama peke yake. Wanauita hinpun. Wao husema unazuia pepo wabaya, na pia unamzuia mpita njia asione ndani.

SALUM: Stara.

MWANAIDI: Stara! Sikupata neno jingine. Juu sasa, mapaa ni ya vigae vyekundu vilivyofungwa kwa chokaa nyeupe, na juu ya paa amekaa simba mdogo wa udongo, shisa, analinda nyumba. Kila nyumba na simba wake, sura tofauti. Wa obaa alikuwa ameachama mdomo na amevunjika sikio.

SALUM: Na utulivu huo unadumu siku nzima? Maana sehemu nzuri kama hiyo lazima wageni wajae.

MWANAIDI: Wanajaa. Kwa mwaka kisiwa kinapokea wageni laki kadhaa. Boti zikianza kuja, mchana unasikia kengele za baiskeli, unaona mikokoteni ya nyati. Nyati wa kufugwa, wale wa Asia, wanavuta mkokoteni wenye paa, watu wamekaa ndani. Kasi yake, mtoto anayetambaa anampita. Nyati anajua njia. Akifika kwenye kona anapanua mzunguko mwenyewe ili gurudumu la nyuma lisigonge ukuta. Na mwongozaji anapiga sanshin, ala ya nyuzi tatu iliyowambwa ngozi ya chatu. Sauti yake ilinikumbusha gambusi. Mkokoteni ukapita nyuma ya ukuta, nikaona paa tu linaelea na wimbo unakwenda, mpaka ukapotea.

SALUM: Nauliza kitu kinachonikera siku zote. Mahali pa namna hiyo, mbona hapajauzwa? Kwingine pangekuwa na hoteli za ghorofa kumi.

MWANAIDI: Hilo nililiuliza kwa ile programu ya kutafsiri kwenye simu, maana Kijapani changu ni cha salamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa katika hali mbaya. Ukame mkali, kimbunga, vijana wanahama. Na mwaka 1972 Okinawa ikarudishwa Japani kutoka mikononi mwa Marekani, watu wa nje wakaja na fedha kununua ardhi. Baadhi waliuza. Wengine wakasimama wakasema basi, hatuuzi tena. Mwaka 1986 wakaandika katiba ya kisiwa. Maneno yake ni machache sana: kutouza, kutochafua, kutovuruga, kutobomoa, na kukitumia kwa manufaa kile kilichopo. Mwaka uliofuata, 1987, serikali ikakitambua kijiji kuwa eneo la hifadhi ya majengo ya kihistoria.

SALUM: Kutouza limetangulia.

MWANAIDI: Limetangulia. Na wana neno lao la zamani, utsugumi, yaani kuungana kufanya jambo kwa pamoja. Wapare wangeliita msaragambo. Kwa hiyo ule utulivu nilioukalia ubarazani haukuanguka kutoka mbinguni. Watu wameubishania, wameuwekea sheria, na asubuhi wanaushikia ufagio. Mimi mgeni nilikuwa nakula jasho la wenzangu, na nilitaka nilijue hilo nikiwa bado nimekaa pale pale.

SALUM: Chakula je? Nguruwe kule ni kitoweo kikuu.

MWANAIDI: Nilimwambia obaa mapema kwamba mimi Muislamu. Mchana akanipa wali, samaki wa kuchoma, karela, wao wanaita goya, na bakuli la mwani mwembamba kama nyuzi, umelowekwa kwenye siki. Mozuku. Nikamwonyesha picha za akina mama wa Paje, Zanzibar, wamesimama baharini kwenye mashamba yao ya mwani. Aliikuza ile picha kwa vidole, akatazama vigingi na kamba, akatikisa kichwa kwa furaha. Alizielewa zile kamba bila tafsiri.

SALUM: Mwani umewakutanisha.

MWANAIDI: Na nguo pia. Alinionyesha mshipi wa pamba uliofumwa kwa mkono, rangi ya nili. Unaitwa minsa. Una miraba midogo mitano, halafu minne, halafu mitano, unaendelea hivyo. Kwa Kijapani tano ni "itsu," nne ni "yo," na ukiyasoma pamoja yanaleta maneno yanayomaanisha "mpaka milele." Pembeni kuna vistari vidogo kama miguu ya tandu, maana yake uje mara kwa mara. Zamani mwanamke alimfumia mwanamume aliyempenda.

SALUM: Hiyo ni kanga, dada! Hiyo ni kanga yenye jina.

MWANAIDI: Nilikuwa na kanga yangu begani. Nikamsomea jina lake, nikalitafsiri kwenye simu. Akashika pindo, akalipitisha kidole herufi kwa herufi, kama mtu anayetafuta ule mfumo wa tano na nne. Tulikaa hivyo, yeye na kanga yangu, mimi na mshipi wake, hatuzungumzi.

SALUM: Na bahari hukwenda?

MWANAIDI: Nilikwenda alasiri, kwa miguu. Pwani ya Kondoi, upande wa magharibi. Maji yalikuwa yamekupwa. Unajua maji yakikupwa kwenye pwani ya mchanga isiyo na kina, bahari inavyobaki kama sahani ya kioo? Niliingia, nikatembea mbali, maji hayapiti kifundo cha mguu. Nikageuka kutazama nyuma, watu pwani wadogo kama punje. Nikasimama tu. Baadaye nikashuka Kaiji, kwenye mchanga wa nyota.

SALUM: Mchanga wa nyota ndio nini?

MWANAIDI: Unakandamiza kiganja kwenye mchanga, unakiinua, unakitazama kwa karibu. Katikati ya chembe za kawaida unaona vinyota vyenye ncha tano, sita, vidogo kuliko punje ya ufuta. Ni magamba ya viumbe vya baharini vyenye seli moja. Vikifa, gamba linabaki na mawimbi yanalileta. Nilipata vinne kwenye kiganja. Wana hadithi kwamba ni watoto wa nyota, wazazi wao ni Nyota ya Kaskazini na Msalaba wa Kusini. Walizaliwa baharini, nyoka wa bahari akawaua, mabaki yao yakasukumwa pwani. Kisha wakawekwa kwenye chetezo, na moshi ukawapandisha mbinguni kwa wazazi wao.

SALUM: Chetezo cha ubani. Msalaba wa Kusini kule unaonekana?

MWANAIDI: Unaonekana miezi kadhaa, lakini chini kabisa, unagusa bahari. Huku kwetu unapanda juu vizuri. Nikarudisha vinyota vyangu mchangani.

SALUM: Na boti ya kurudi?

MWANAIDI: Boti ya mwisho huondoka kabla ya magharibi. Nilikuwa nimeshamwambia obaa nalala usiku wa pili. Nikaisikia injini inapiga, ikafifia, kikaja kimya ambacho sijawahi kukisikia. Hata wenyeji ni kama hupumua upya. Milango inafunguliwa, watu wanakaa nje, mtu anamwagia maua maji. Nikaenda kwenye gati la zamani la magharibi, limenyooka kuingia baharini. Ilikuwa Machi, jua lilizama saa moja kasoro kidogo. Tulikuwa watu saba au wanane, tumekaa juu ya saruji yenye joto la mchana, na hakuna aliyesema neno. Jua lilipogusa maji mzee mmoja alivua kofia.

SALUM: Nakuona kabisa umekaa pale.

MWANAIDI: Nilirudi gizani, taa za njiani chache, mwezi mchanga. Na kweli, mchanga ule unang'aa. Niliiona njia mbele yangu kama utepe, nikatembea polepole nikitazama chini kwa ajili ya habu, mpaka nikamwona yule simba mwenye sikio moja.

SALUM: Asubuhi yake ukaondoka.

MWANAIDI: Kwa boti ya mapema. Nilipotoka na begi, obaa alikuwa ndiyo kwanza anamaliza. Njia nzima mistari mitupu, hajapita hata paka. Nikaona haya kuikanyaga. Nikajibana ukutani, napita kando kando, begi nimelibeba kichwani ili magurudumu yasichore. Obaa akaniona. Akacheka, akaweka ufagio, akaja akanishika kiwiko, akanivuta mpaka katikati ya njia, akanyoosha mkono kuelekea bandarini.

SALUM: Upite katikati.

MWANAIDI: Nipite katikati. Nikapita. Nilipofika kwenye kona nikageuka, yeye ameshainama tena anafagia upande wa pili wa lango, na nyayo zangu peke yake zimenifuata mpaka pale.

[Muziki]