Kona ya Nje: Kocha, Mwamuzi na Straiki Zilizonyimwa

Mhadhara kwa walimu wa michezo na waamuzi wa kujitolea wa besiboli ya shule za sekondari, Dar es Salaam

Ndugu walimu wenzangu, waamuzi wetu, na nyinyi vijana mlioketi kule nyuma na glavu mapajani, habari za asubuhi. Niliombwa nizungumzie uonevu wa waamuzi katika besiboli ya shule, na aliyeniomba anajua kwa nini alinichagua. Nimewahi kutolewa nje ya uwanja mbele ya wanafunzi wangu. Naomba nianzie hapo, maana jambo hilo linaniuma hadi leo.

Ilikuwa nusu fainali. Mrushaji wangu alikuwa kijana wa kidato cha tatu, anatumia mkono wa kushoto, mrefu, mkimya. Mpira wake haukuwa na kasi ya kutisha ila ulikuwa unatii: ukimwambia kona ya chini, unakwenda kona ya chini. Nyuma ya mdakaji, yule anayepokea mpira wa mrushaji, alisimama mwamuzi, mwalimu wa shule nyingine, shule ambayo sisi tulikuwa tumeitoa kwenye mashindano siku moja kabla.

Iningi ya kwanza, yaani awamu ya kwanza ya mchezo, mipira yetu ya kona ya nje, ile iliyo mbali na mpigaji, ikaitwa boli, yaani imepita nje ya eneo la straiki. Nikasema haya, ndilo eneo lake la leo, tulizoee. Ya pili, vilevile. Ya tatu, mrushaji wa wenzetu akapeleka mpira kona ileile, na mkono wa mwamuzi ukapanda: straiki, yaani umepita ndani ya eneo! Kijana wangu akanitazama. Hakusema neno. Iningi iliyofuata akaanza kuileta mipira katikati, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kuipeleka, na mpira wa katikati unapigwa. Kila aliyekuwa kwenye benchi alikuwa anasema wenzetu wanabebwa. Nikatoka nikipiga kelele, maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya vijana hawa. Mwamuzi akanionyesha njia ya kutokea. Nikamalizia mechi nimesimama nje ya uzio, chini ya mwarobaini, nikiwaona watoto wangu wanafungwa bila kocha.

Jioni tunarudi kwenye Coaster ya kukodi, nahodha wangu akaja kukaa kiti cha karibu nami. Yeye ndiye alikuwa mdakaji, mipira yote ile iliishia mkononi mwake. Akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, zile straiki ulikuwa unaziona, au ulikuwa unatutetea tu?" Nikamwambia niliziona. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mbili ziliingia, mwalimu. Zile nyingine zilikuwa nje."

Sikulala vizuri usiku ule. Si kwa sababu ya kufungwa. Nilikuwa najiuliza, mimi hasa niliona nini?

Walimu wenzangu, twende taratibu hapa. Benchi zetu ziko pembeni, upande wa besi ya kwanza au wa besi ya tatu, vile vituo vya wakimbiaji. Ukiwa pale unaona vizuri kitu kimoja: kimo cha mpira, kama umepita juu mno au chini ya magoti. Kama umepita ndani au nje ya pleti, lile bamba la chini mbele ya mdakaji, huoni. Macho yako yapo ubavuni mwa mpira. Mimi nilikuwa nimefundisha miaka kadhaa nikiipigia kelele kona ya nje, na kona hiyo haionekani kutoka kwenye benchi hata uwe na macho ya kipanga.

Sasa msogelee mwamuzi mwenyewe, usimame aliposimama. Pleti ina upana wa inchi 17, yaani sentimita 43. Mpira ukigusa ukingo kwa ubavu wake tu, hiyo ni straiki. Na kwa kuwa mpira wenyewe una kipenyo cha sentimita 7 na kidogo, mrushaji ana karibu sentimita 58 za kutafuta straiki. Kutoka kwenye kibao anachokanyaga akirusha hadi pleti ni mita 18.44. Kijana anayerusha kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa anamwachia mwamuzi nusu sekunde na ushee. Mpira wa kupinda ndio mbaya zaidi: unaweza kukata mbele ya pleti kwenye goti, halafu ukadakwa karibu na kifundo cha mguu. Waliokaa pembeni wote wanaona umedakwa chini, wanaguna mwamuzi akiita straiki, kumbe mwamuzi ndiye aliyeona sawa. Na kwa kuwa yeye husimama kwenye upenyo kati ya mpigaji na mdakaji, kichwa chake kiko karibu na kona ya ndani. Kona ya nje, hasa ile ya chini, iko mbali naye kuliko zote. Ndiyo sababu ugomvi mwingi unazaliwa palepale.

Nikiyasema haya sitaki mtu aondoke akidhani namsafisha kila mwamuzi. Uonevu upo. Zile mbili za nahodha wangu ziliingia, na wenzetu walipewa kona ambayo sisi tulinyimwa. Ila uonevu wa kweli unatofautiana na makosa, na kocha asiyeweza kuutenganisha na makosa hawezi kuupigania, maana hakuna atakayemsikiliza. Akilalamikia mipira ishirini, ile miwili ya haki inazama humo.

Upo utafiti mmoja ambao nikiutaja nakuwa makini sana, kwa sababu unatugusa. Mwaka 2011 wanauchumi wanne, Christopher Parsons na wenzake, walichapisha matokeo ya kuchambua mamilioni ya mipira ya ligi kuu ya Marekani. Waligundua kwamba mwamuzi alikuwa na mwelekeo wa kumpa straiki zaidi mrushaji wa rangi au asili yake. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo. Kilichonikaa moyoni ni hiki kingine: kwenye viwanja vilivyokuwa na kamera za kumkagua mwamuzi, upendeleo ule ulitoweka. Mashabiki walipojaa, ulitoweka. Mpira ulipokuwa wa mwisho kwa mpigaji, ambao kila mtu anautazama, ulitoweka. Waamuzi ni walewale. Kilichobadilika ni macho yaliyowatazama.

Sisi hapa ubaguzi wetu una sura nyingine. Ni shule yangu na shule yako, ni mwanafunzi wangu wa zamani, ni mtu aliyenifunga jana. Na kamera hatuna. Kule Marekani, Septemba 2025 ligi kuu iliidhinisha mfumo wa kompyuta wa kukagua straiki kuanzia msimu wa 2026, timu ikiruhusiwa kupinga uamuzi mara chache katika mechi. Sisi tunachezea uwanja ambao asubuhi inabidi kwanza tuwaondoe mbuzi. Kwa hiyo swali langu kwenu ni moja: macho yetu sisi tutayapata wapi?

Hali yetu ina historia yake, na tusimlaumu mtu kwa hilo. Mchezo huu uliingia mashuleni mwaka 2012, Mjapani Shinya Tomonari alipoanza na vijana wa Azania na Kibasila hapa hapa mjini. Ni mchezo mchanga. Watu wanaozijua kanuni zake wengi ndio haohao wanaofundisha timu. Kwa hiyo asubuhi wewe ni kocha, mchana unavaa kinga ya uso unachezesha mechi ya kundi lako mwenyewe. Kwenye mpira wa miguu, hata kwenye mechi za ndondo za mtaani, jambo hilo lingezua ugomvi. Sisi tumelizoea kwa sababu ya uhaba, na uhaba umekuwa kisingizio. Naomba leo tukubaliane, na nitaliandika kwa waandaaji: mwalimu ambaye shule yake bado imo kwenye mashindano asisimame nyuma ya pleti kwenye mechi yenye faida au hasara kwa shule yake. Achezeshe kundi jingine. Kama hakuna mtu, mechi isogezwe mbele kwa muda wa saa mbili, mtu atapatikana.

Yule mwalimu aliyenitoa nje nilimtafuta. Ilinichukua wiki tatu kupata moyo wa kumpigia. Tulikutana, tukanywa chai. Sikumuuliza kama alikuwa na kinyongo cha kufungwa. Nilimuuliza siku ile alikuwa amechezesha mechi ngapi. Tatu mfululizo, ya kwetu ilikuwa ya tatu. Alianza saa mbili asubuhi, mpaka saa tisa alikuwa bado anachuchumaa nyuma ya mdakaji, kinga ya kifua imemng'ang'ania kwa jasho, na hakuna aliyemletea maji. Kinyongo labda kilikuwepo, kinyongo hakikosi kwa binadamu. Lakini sisi walimu tulimweka mtu aliyechoka, mwenye sababu ya kutuchukia, peke yake, kwenye nafasi ngumu kuliko zote uwanjani, halafu tukamtukana. Nilimwomba radhi. Naye akaniambia ile kona aliwapa wenzetu kwa sababu mdakaji wao alikuwa anautuliza mpira vizuri kwenye glavu, na wa kwangu alikuwa anauvuta. Hilo ni kosa la ufundishaji wangu. Mdakaji akiuvuta mpira kuurudisha kwenye pleti, anamwambia mwamuzi kwamba ulikuwa nje.

Tangu hapo nina daftari. Mnaliona hili. Kila mechi mwanafunzi mmoja asiyecheza, mara nyingi aliyeumia, anakaa nyuma ya wavu, usawa wa pleti. Anachora kisanduku cha vyumba tisa kwa kila mpigaji. Mpira ambao haukupigwa anautia alama pale ulipopita, na pembeni anaandika mwamuzi aliitaje. Anafanya hivyo kwa timu zote mbili. Nasisitiza hilo, kwa sababu daftari la upande mmoja ni malalamiko tu yaliyoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Daftari limenifundisha mambo ambayo sikuyatarajia. Kuna waamuzi wanaopanua eneo mpigaji akiwa na boli tatu bila straiki, yaani imebaki moja apewe besi ya bure, halafu wanalibana akiwa na straiki mbili bila boli, yaani imebaki moja atoke. Huruma hiyo hata wa ligi kuu ya Marekani wamepimwa wakakutwa nayo. Kuna mechi niliyoondoka nikiapa kwamba tumeonewa, nikaja kukuta kurasa za wenzetu zinafanana na zetu. Na kuna mechi moja, moja tu, ambayo kurasa zilionyesha eneo mbili tofauti kabisa, la kwao pana na la kwetu jembamba, kuanzia iningi ya kwanza hadi ya saba. Ile niliipeleka kwa waandaaji siku ileile, kwa utulivu, daftari mkononi. Mechi haikurudiwa, na sikuomba irudiwe. Niliomba mwamuzi yule asipangwe tena peke yake, na hakupangwa.

Kuhusu kulalamika uwanjani, kanuni ziko wazi. Boli na straiki ni uamuzi wa macho, haubishaniwi, na kocha anayetoka kwenye benchi kuubishia anastahili kutolewa kama nilivyotolewa. Kinachoweza kuulizwa ni kanuni yenyewe, kama mwamuzi amehesabu vibaya au amempa mkimbiaji besi asiyostahili. Pia mpigaji akizungusha fimbo nusu na mwamuzi akaita boli, mdakaji au kocha anaruhusiwa kuomba amwulize mwenzake wa kwenye besi. Ndiyo maana tunahitaji waamuzi wawili, hata kama wa pili ni kijana wa kidato cha sita aliyefundishwa mwezi mmoja.

Kule Japani, ambako mashindano ya shule yalianza mwaka 1915, waamuzi wa mechi za shule ni watu wenye kazi zao, wanajitolea. Na kocha haendi kwa mwamuzi kabisa. Likiwepo swali la kanuni, anayekwenda ni nahodha, au mchezaji anayehusika, au mjumbe kutoka kwenye benchi. Nilipolisikia mara ya kwanza niliona wanamwonea kocha. Sasa nafanya hivyohivyo. Kwanza nahodha inabidi aijue kanuni, siwezi kumtuma mtoto na hasira zangu. Pili, mwamuzi akiona kijana wa miaka kumi na saba amevua kofia, anauliza kwa heshima, hujibu. Mimi alikuwa hanijibu.

Yule kijana wangu wa mkono wa kushoto aliacha mchezo baada ya mechi ile. Nimezungumza naye mara nyingi. Hasemi kwamba mwamuzi alimwonea. Anasema aliponitazama katika iningi ya tatu alitaka nimwambie arushe wapi, na mimi nilikuwa namtazama mwamuzi.

Tunatoka uwanjani sasa, jua bado halijakali. Kila kocha aliyepo hapa atavaa kinga ya uso na kusimama nyuma ya mdakaji kwa mipira kumi. Ataita kwa sauti, boli au straiki, bila kugeuka. Kijana mmoja atakuwa nyuma ya wavu na daftari hili, anaandika. Maji yapo kwenye ndoo ya bluu pale mlangoni, na atakayechezesha anakunywa kwanza. Nahodha, wapange walimu foleni.