Maharagwe ya Sukari: Mmeniuliza Mpaka Nimechoka, Leo Napika

Assalam aleikum kwa wenye kuitika, na wengine wote hamjambo. Leo sijajipamba, mnaniona na leso yangu kichwani. Nimetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, na saa nane mchana natakiwa niwe uwanjani kwenye choma yetu na trei ya maharagwe mkononi. Kwa hivyo tutazungumza huku napika. Mkisikia vyombo vinagongana, vumilieni.

Swali ni lile lile. Tangu niweke ile video ya choma ya mwezi wa tano, kila nikifungua simu: "Dada, mbona watia sukari kwenye maharagwe?" Mwengine: "Umeshindwa kuchemsha maharagwe mpaka ufungue mkebe?" Kuna kaka mmoja, yeye haulizi, ameandika tu, "Marekani imekuharibu ulimi." Sawa kaka. Halafu kuna wale wa "mnatulingishia nyama huko na sisi huku unga umepanda." Na nikisema hata huku maisha ni magumu, wanakuja wengine: "Si urudi basi!" Sasa mnataka niseme nini? Nikicheka nalinga, nikinuna nalalamika. Leo sifanyi hata moja. Leo ni maharagwe.

Na kabla hatujafika mbali: haya ni yangu mimi, ninayekaa Lowell, Massachusetts, ninayefanya kazi ya kuhudumia wazee, mwenye watoto wawili. Wa Texas ana yake, wa Minnesota ana yake. Asije mtu kuniambia "mbona binamu yangu Dallas hafanyi hivyo." Muulize binamu yako.

Haya. Oveni nimeshaiwasha, 350 za kwao, kwa Selsiasi ni kama 175 au 180. Nina mikebe mitatu mikubwa. Huu mmoja umeandikwa aunsi 28, karibu gramu 800. Ndani mna maharagwe meupe madogo, yameshapikwa na yameshatiwa utamu wake. Sikilizeni hapa wenzangu Waislamu: mikebe mingi ya haya maharagwe ina nyama ya nguruwe. Hata ile usiyoona picha ya nyama mbele. Mwaka wa kwanza nilinunua mitatu kwa kuangalia rangi ya karatasi, nikafungua, nikaona kipande cha mafuta kinaelea juu kama kisabuni. Nikafunika, nikampelekea jirani. Sasa nasoma mgongo wa mkebe mpaka neno la mwisho, natafuta ile ya wasiokula nyama. Ndiyo hii.

Bei? Najua mwaisubiri. Mkebe ni dola tatu na senti. Kwa bei ya dola ilivyo, ni kama shilingi za Kenya 390 na kitu. Hela hiyo pale soko la Kongowea, Mombasa, unaondoka na maharagwe ya kushiba nyumba nzima, najua, msinikumbushe. Lakini hesabu ya huku si hesabu ya kilo, ni hesabu ya saa. Kuchemsha maharagwe makavu ni saa mbili za kusimama, na mimi hizo saa mbili ndizo usingizi wangu wote kati ya zamu na shule ya watoto. Kitu kimoja kizuri, Massachusetts chakula cha dukani hakina kodi. Lakini hii trei ya foili ya kuyatilia ina kodi, asilimia 6.25. Yaani maharagwe bure, sahani yake ndiyo ya serikali.

Mimina. Mkebe wa kwanza na maji yake, hii miwili nachuja kidogo, la sivyo utapata supu. Kitunguu kimoja kikubwa nimekikaanga pembeni na pilipili hoho mpaka kimekuwa rangi ya dhahabu. Usitie kibichi, kitabaki kinalia kwenye meno. Nusu kikombe cha kechapu. Vijiko viwili vya haradali, ile ya njano. Siki kijiko kimoja, hii usiiache, ndiyo inayoukata utamu. Robo kikombe cha sukari nyekundu. Na hii...

Hii chupa nyeusi ni molasi. Cheka. Nawajua watu wangu. Molasi kwetu inauzwa agroveti, inanyunyiziwa nyasi za ng'ombe. Mara ya kwanza kuiona dukani, kwenye rafu ya unga na hamira, nilimpigia simu mamangu kwa video nikamwonyesha. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Na ng'ombe wako wapi?" Vijiko viwili tu, inatosha. Ina uchungu kidogo, kama sukari iliyoungua, na rangi yake ndiyo inayofanya maharagwe yawe kama kahawa.

Mnaouliza sukari imetoka wapi, imetoka hapa hapa nilipo. Boston si mbali na sisi, na mpaka leo jina lake la utani ni Mji wa Maharagwe. Wenyeji wa asili wa nchi hii walikuwa wakipika maharagwe kabla ya mzungu kufika. Wazungu wa kwanza hapa walikuwa wa dini kali, hawawashi jiko siku ya Sabato, basi chungu kinaingia tanurini Jumamosi na kinaliwa mpaka Jumapili. Molasi ililetwa na meli kutoka visiwa vya Karibi, kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, ije itengenezwe pombe ya ramu. Ikawa tele na rahisi, ikaingia mpaka kwenye chungu. Sisi tunaojua habari za mashamba ya karafuu hatuhitaji kuelezwa zaidi. Na molasi ilishawahi kuua watu Boston, sikutanii. Tarehe 15 Januari 1919, tangi kubwa la molasi lilipasuka mtaa wa North End, likamwagika kama bahari, watu 21 wakafa. Mimi kila nikiifungua hii chupa naifunga upesi.

Koroga taratibu, usiyaponde. Juu yake napanga bekoni ya ng'ombe, naipata duka la halali. Vipande sita. Usipokuwa nayo, nyunyiza paprika ya moshi, ile harufu utaipata. Oveni. Saa moja bila kufunika. Narudia, bila kufunika, maana tunataka maji yapungue na juu pakauke.

Sasa wakati yanaiva niwaambie kwa nini ni maharagwe na si kitu kingine, maana hapo ndipo mnaposema nalinga.

Kazini kuna mama mmoja, Mmarekani mweusi, mtu mzima, mimi namwita Mama na yeye ameshazoea. Mwaka wangu wa pili alinialika choma ya kwao ya Juni 19. Hiyo ni siku yao ya kukumbuka mwisho wa utumwa, tangu 2021 ni sikukuu ya nchi nzima. Nikamwuliza nilete nini. Akasema, "Lete barafu na vikombe." Mimi nikajua ananionea huruma, hataki nigharimike. Nikasema haiwezekani, mtoto wa Mombasa aende kwa watu na barafu? Nikaamka alfajiri, nikapika mbaazi za nazi sufuria nzima na mahamri sitini. Nikafika nayo kifua mbele.

Jamani. Hakuna aliyegusa. Watu wanapita, wanafunua, wananusa, wanauliza, "Nani kapika?" Wakiambiwa ni mimi, wanatabasamu, wanafunika. Mahamri yaliisha kwa sababu ya watoto. Mbaazi nilirudi nazo, nikalia kwenye gari, silifichi. Nilijiambia wananidharau. Baadaye ndiyo nikaja kuelewa kwamba kwao chakula cha choma hakipikwi na mtu yeyote tu. Kuna anayeaminiwa na saladi ya viazi, naye ni mmoja, labda wawili. Mgeni analeta barafu. Mwaka uliofuata nikaleta barafu, na soda. Wa tatu, chipsi za pakiti. Mwaka jana Mama akanivuta jikoni kwake, akanionyesha haya, haradali hivi, siki hivi, akasema, "Mwaka huu maharagwe ni yako." Kwa hivyo anayesema najifanya mzungu, aliyenifundisha si mzungu, na mimi kuifikia hii trei imenichukua miaka mitatu.

Na hela pia, tuseme ukweli. Mbavu za watu ishirini ni mshahara. Trei ya maharagwe ni dola kumi na tano na vikolombwezo vyake, na unaingia umesimama wima kama wenzako. Nikitoka hapo nitume na ya nyumbani, maana mwezi ni huo huo.

Ya leo lakini si ya Mama. Ya leo ni yetu sisi, Wakenya na Watanzania wa hapa, na mimi ndiye niliyebebeshwa kukodi kibanda cha bustanini, kile chenye paa na meza za mbao. Ngoja niwaeleze, maana hapa nina donge. Fomu kurasa tatu. Kitambulisho chenye anwani ya mtaa huu. Kitambulisho changu kina anwani ya nyumba ya zamani. Basi leta bili ya stima. Bili ya stima ina jina la mwenzangu tuliyepanga naye. Basi leta barua ya benki. Benki wakaipeleka barua kwenye anwani ya zamani! Nilikwenda mara tatu, kila mara nimeomba ruhusa kazini bila malipo. Na amana dola mia, inarudishwa ukiacha pasafi.

Na mia niliyoitoa kwa choma ya mwezi wa tano, ile mliyoiona, nayo ni hadithi. Tulifagia mpaka chini ya meza. Hundi ikaja baada ya wiki nne, imeandikwa jina la babu yangu peke yake, mbele yake herufi moja, na hiyo herufi yenyewe si yangu. Sisi tuna majina matatu, wao wanataka mawili, sasa kila ofisi inachagua inayoyapenda. Benki wakaikataa. Nimeirudisha kwa posta, na mia yangu iko hewani mpaka leo. Halafu mtu ananiambia "njoo kesho" ni ugonjwa wa ofisi za kwetu tu. Huku pia njoo kesho ipo, ila inakuja na bahasha nzuri.

Basi, silalamiki. Nimesema silalamiki.

Kwa mlioko nyumbani mnaotaka kujaribu: msinunue mkebe wa supamaketi, ni ghali na mwingi ni ule wa Kiingereza wa mchuzi wa nyanya, si huu. Chukueni wairimu, au yale meupe madogo mkiyapata. Lowekeni usiku, chemsheni mpaka yalainike kabisa, kabisa, ndipo mtie sukari na nyanya na siki. Ukivitia mapema maharagwe yanagoma, utakesha yakiwa magumu. Badala ya sukari nyekundu na molasi, tieni sukari guru, ndugu yake huyo. Na usiniambie huna oveni. Mkate wa kumimina unauokaje? Sufuria juu ya jiko, makaa machache chini, mfuniko wa bati, palia makaa juu. Yatakauka vizuri kuliko haya yangu. Mwenye kusema sukari na maharagwe haviendani, tambi za sukari unazila Ramadhani nzima na hujawahi kuandika komenti.

Kitu kimoja cha kuangalia: yakishatoka jikoni yasikae nje zaidi ya saa mbili, na jua likiwa kali kama la leo, saa moja. Mimi nafunga trei kwenye taulo zito, naitia ndani ya sanduku la baridi lisilo na barafu, inakaa moto mpaka nifike.

Hiyo kengele. Subirini nivae glavu.

Bismillahi. Oneni. Mnaona inavyochemka pembeni, pole pole, inatoa povu zito kama shira? Hivyo ndivyo. Ikiwa inaruka ruka kama maji, bado. Bekoni imejikunja. Na hapa kwenye kona, oneni hapa, pamegandana, pameiva mpaka peusi. Ukoko. Kwa Mama watu wanagombania kona hizi vile vile tulivyokuwa tukigombania ukoko wa wali na kaka zangu, mmoja ameshika sufuria, mwengine ameshika mkono.

Leo kona mbili zinafika uwanjani. Hizi mbili nyengine zimepata ajali njiani. Nipeni kijiko... wewe, nani kakuita? Toka. Toka, hujanawa mikono! Haya, kimoja tu. Zima hiyo kamera.